Mguu Juu ya Dari

Saa nane za usiku mguu wa nyuma wa mbwa
unagonga sakafu ya Bi Bronisława,
na sakafu yake ndiyo dari yangu.
Tu-tu-tu-tu. Kimya. Tu-tu.
Kama cherehani ya mtu aliyeishiwa uzi.

Huku Łódź, Januari, mabomba ya joto hayazimwi.
Hewa ya vyumbani hukauka kama biskuti,
midomo hupasuka, milango hulia,
nami saa kumi alfajiri natakiwa niwe tanurini, nikande mikate ya watu.
Nilipanda ngazi, maneno nimeyanoa.

Akafungua. Mshitakiwa kampakata:
mbwa wa kimo cha buti, masikio mekundu,
tumbo halina manyoya, lina ukurutu,
kwapa nyeusi kama kitako cha sufuria.
"Anaitwa Pchełka," akasema,
na kwa Kipolandi hicho ni kiroboto kidogo.
"Hana kiroboto hata mmoja. Daktari kamchana
juu ya karatasi nyeupe, hakuanguka mdudu.
Linalomuuma ni jina."

Maneno yangu nikayarudisha alani.

Wahenga walisema jikune ujipatapo.
Hawakumfikiria mwenye miguu mifupi,
ambaye panapomuwasha, pale juu ya mkia,
ukucha haufiki wala jino,
basi hukuna anapofika, penye uzima,
mpaka napo pakawa kidonda.

Tukaanza na chakula. Kuku marufuku, wiki nane;
samaki na viazi, viazi na samaki.
Pchełka aliitazama bakuli, akanitazama mimi,
kama mteja aliyepunjwa kwenye mizani.
Kisha maji. Unga wa oti nilikuja nao kutoka kazini,
tukaukoroga kwenye beseni, uvuguvugu tu,
mimi nimeshika mabega, Bi Bronisława anamwagia
kwa kikombe cha bati chenye ua lililobanduka.
"Usisugue," ananiambia, "papasa. Huo si unga wa mkate."
Mbwa akilowa hubaki macho.
Dakika kumi alitetemeka mikononi mwangu,
na moyo wake ulikuwa unapiga kwenye kidole changu cha gumba.

Usiku ule: mara nne. Uliofuata, mara saba.

Daktari akauliza, "Analala juu ya nini?"
Bi Bronisława, aliyekuwa na jibu la kila swali,
akatazama dirisha.

Koti. La sufu, la marehemu Wacław,
aliyeendesha tramu miaka thelathini na mmoja.
Lipo chini ya kitanda tangu mazishi, halijafuliwa,
na mbwa hulala ndani yake, pua kwenye kola.
Vumbi la miaka sita. Na vilivyomo vumbini.

Mwanamke huyu alifanya kazi kiwanda cha nguo tangu ujana;
sufu aliijua kama padri anavyoijua misa.
Alijua nyuzi sitini za joto zitaifanya nini.
Akazungusha kitufe mwenyewe, hadi sitini.
Tukakaa mbele ya mashine, viti viwili vya jikoni,
Pchełka katikati,
tukalitazama koti likizunguka kwenye kioo cha duara.
Mara mkono mmoja hupanda, hugusa kioo,
kisha huo, umekwenda.

Lilitoka dogo, la mtoto wa miaka mitano.
Akalitia puani.
"Sabuni," akasema. Hakusema lingine.

Usiku nikalala chali, nangoja.
Saa nane ikafika. Mbwa kimya.
Saa nane na robo nikasikia nyayo:
dirishani, mlangoni, dirishani,
za mtu, si za mbwa,
polepole, bila viatu.

Nilivaa shati. Nikachukua mkate wa jana,
nikapanda. Hakuuliza kitu, akaweka birika jikoni.
Pchełka alifumbua jicho moja,
akainua mguu kwa mazoea,
akausahau hewani, akasinzia.